Ugonjwa wa sukari Kivu: sindano haingoji chakula

Mgonjwa wa sukari aliyejidunga insulini asubuhi anapaswa kula mchana, apende asipende. Dawa ikishaingia mwilini haijui kama soko la Birere limefungwa, kama mashua ya Bukavu imechelewa, wala kama mama wa nyumbani amekosa pesa ya unga. Inaendelea kushusha sukari ya damu. Isipokuta chakula, inamshusha mgonjwa mwenyewe.

Katika nchi tajiri, tatizo hilo limepunguzwa sana na kifaa kidogo kinachobebwa kiunoni: pampu ya insulini. Mashariki mwa Kongo, wagonjwa wengi hukiona kifaa hicho kwenye simu tu. Lakini kuelewa kinavyofanya kazi kunasaidia kuona jambo ambalo halisemwi sana katika mazungumzo ya vita na njaa ya Kivu. Kwa mtu anayeishi kwa insulini, chakula na dawa ni kitu kimoja. Kumpa kimoja bila kingine ni kumuacha katikati ya daraja.

Pampu inafuata sahani

Mwili wa mtu mzima kiafya hutoa insulini kwa namna mbili. Kuna kiasi kidogo kinachotoka usiku na mchana, hata mtu akiwa amelala, na kuna kiasi kikubwa kinachotoka mara tu chakula kinapoingia. Kwa mgonjwa wa sukari ya aina ya kwanza, kongosho limeacha kazi hizo zote mbili. Ugonjwa huo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na bila insulini kutoka nje mtu hafiki mbali.

Pampu inajaribu kuiga kongosho. Inaingiza insulini ya haraka chini ya ngozi, tone kwa tone, kupitia mrija mwembamba ambao hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Kabla ya kula, mgonjwa anabonyeza na kuingiza idadi ya gramu za wanga zilizo kwenye sahani yake. Mashine inapiga hesabu na kuongeza dozi. Asipokula, haongezi kitu. Akitembea sana, anaipunguza. Mashine mpya zaidi zinaunganishwa na kipimo kinachobaki mwilini, na kinaonyesha sukari kila baada ya dakika chache.

Kwa hiyo mwenye pampu anaweza kula saa sita, saa tisa au asile kabisa, na insulini itamfuata. Lakini uhuru huo una gharama. Pampu yenyewe inauzwa kwa maelfu ya dola, na mirija, betri na vipimo hununuliwa kila mwezi. Tena kuna hatari nyingine: pampu haiweki akiba ya insulini ya muda mrefu mwilini. Ikizimika au mrija ukiziba, ndani ya saa chache tu sukari inapanda na damu inaanza kujaa asidi. Katika mji ambako umeme hukatika na mizigo haifiki kwa wakati, mashine kama hiyo peke yake haiwezi kuwa jibu.

Insulini ya kawaida inataka saa

Dawa inayopatikana zaidi katika hospitali zetu ni insulini ya binadamu, ile ya chupa na sindano. Kuna ya haraka, ambayo hudungwa karibu nusu saa kabla ya kula. Kuna ya wastani, yenye rangi ya maziwa. Na kuna mchanganyiko wa hizo mbili, asilimia 30 kwa 70, ambao wengi hudungwa asubuhi na jioni.

Ile ya wastani ndiyo yenye masharti magumu. Nguvu yake haiendi sawasawa: inaanza polepole, inapanda hadi kileleni kati ya saa nne na saa kumi baada ya kudungwa, kisha inashuka. Aliyejidunga saa moja asubuhi atakuwa na insulini nyingi zaidi mwilini kati ya saa tano na saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo mlo wa mchana lazima uwepo. Sindano ya jioni nayo hufikia kilele usiku wa manane, mgonjwa akiwa usingizini.

Ndiyo tofauti kubwa kati ya mgonjwa wa Brussels na yule wa Bukavu. Kwa wa kwanza, insulini inafuata chakula. Kwa wa pili, chakula ndicho kinachopaswa kuifuata insulini, kwa saa na kwa kiasi kilekile kila siku. Masharti mazito zaidi amepewa yule ambaye hana uhakika wa kula.

Mlo mmoja kwa siku

Uchunguzi wa IPC, chombo kinachopima hali ya chakula duniani, uliotolewa mwezi wa Machi 2025, ulionyesha kwamba watu milioni 27,7 nchini Kongo walikuwa katika njaa kali, na majimbo ya mashariki yalikuwa kati ya yaliyoathirika zaidi. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka wa 2024 karibu Wakongomani 3 kati ya 4 walikuwa wakiishi kwa chini ya dola 2,15 kwa siku.

Kisha vita vikabadilisha mambo tena. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa AFC/M23 waliuteka mji wa Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafunga milango, na kambi kubwa za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma zikavunjwa. Watu waliokuwa wakila kwa kazi ya siku, wabebaji mizigo, wauzaji wa barabarani, watu wa motari, walibaki na mlo mmoja, mara nyingi wa jioni.

Kwa mtu asiye mgonjwa, mlo mmoja ni njaa. Kwa anayedungwa insulini ya wastani mara mbili, ni hatari ya kufa mchana. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, mtu huanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Ikizidi kushuka, anaanguka na kupoteza fahamu. Kutembea kunaongeza hatari, kwa sababu misuli inayofanya kazi inakula sukari. Mgonjwa aliyejidunga asubuhi kisha akakimbia kwa mguu kutoka Sake hadi Goma, karibu kilomita 25, amepata mambo mawili yanayoshusha sukari, na hana chakula cha kuirudisha.

Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi kufuata kanuni waliyojitungia wenyewe: hakuna chakula, hakuna sindano. Kwa macho inaonekana ni akili. Lakini mgonjwa wa aina ya kwanza anahitaji insulini kidogo hata siku ambayo hakula, kwa sababu ini linaendelea kutoa sukari na mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake. Akiacha kabisa, asidi inajaa kwenye damu: kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu, kisha koma. Kinachotakiwa siku ya njaa ni kupunguza dozi kwa kipimo alichoelekezwa na muganga wake mapema, siyo kuikata. Maelekezo hayo yanapaswa kutolewa siku ya kwanza anapopewa chupa, na kwa lugha anayoielewa.

Hesabu ya bugali

Mafundisho mengi ya lishe kwa wagonjwa wa sukari yaliandikwa kwa watu wanaokula mkate, pasta na viazi vilivyopimwa. Katika Kivu, sahani ni bugali, sombe, maharage, ndizi, viazi vitamu, na siku njema sambaza au ndakala. Kanuni ni ileile. Namba ndizo zinazobadilika.

Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga, na protini haifiki hata gramu 3. Kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 15. Maana yake, tonge za bugali zilizotokana na gramu 100 za unga ni sawa na zaidi ya vipande vitano vya mkate, na watu wengi wanakula zaidi ya hapo kwa mlo mmoja. Unga wa mahindi una wanga pungufu kidogo, karibu gramu 75, lakini una protini mara mbili au tatu zaidi. Maharage yaliyopikwa yana wanga pia, kama gramu 20 hadi 25 kwa kila gramu 100, ila yana nyuzinyuzi nyingi na sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Sombe, lengalenga na samaki wadogo karibu hawaongezi sukari kabisa.

Wenye pampu, na wanaotumia insulini ya haraka ya kisasa, huanzia kwenye hesabu rahisi: namba 500 inagawanywa kwa jumla ya insulini ya siku nzima. Anayetumia uniti 40 kwa siku atapata 12,5, yaani uniti moja inabeba takriban gramu 12 za wanga. Bugali yenye gramu 80 za wanga itataka kati ya uniti 6 na 7. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu, daktari huirekebisha kwa kila mtu, na haifai kwa insulini ya mchanganyiko.

Kwa anayetumia mchanganyiko, somo linageuka. Dozi imeshapangwa, kwa hiyo kinachopimwa ni bakuli. Familia inaweza kuchagua kikombe kimoja cha unga kwa ajili ya mgonjwa na kukitumia kila siku bila kukibadilisha. Bugali ikiwa ndogo, maharage na mboga zinajaza nafasi. Unga wa muhogo ukichanganywa na wa mahindi au soya, sahani inapata protini. Na kama kuna chakula cha mlo mmoja tu, ni afadhali kikagawanywa mara mbili au tatu, na sehemu ya kwanza iliwe mchana, wakati insulini iko kileleni.

Jambo jingine ni sukari ya dharura. Watu wengi wanaamini kwamba mgonjwa wa sukari hapaswi kugusa sukari kamwe. Anayedungwa insulini anapaswa kuibeba mfukoni. Sukari ikishuka, vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda, vinatoa karibu gramu 15 zinazohitajika. Baada ya dakika 15 anapima tena, na kama bado anarudia. Kisha anakula kitu cha kudumu zaidi. Aliyepoteza fahamu hamiminiwi kitu mdomoni. Anakimbizwa hospitali.

Barabara, frigo na chupa

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya digrii 2 na 8. Sharti hilo limefanya vituo vingi vya afya vya vijijini kuogopa kuitoa, na wagonjwa kulazimika kurudi kila siku kudungwa. Lakini elimu imesonga mbele. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa Februari 2021, ulipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Ulionyesha kwamba insulini iliyofunguliwa inabaki na nguvu yake kwa wiki nne hata joto likipanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37.

Kwa Kivu, habari hiyo ina uzito. Goma na Bukavu ziko kwenye kimo cha karibu mita 1.500, na joto lake ni la wastani. Chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kingine chenye mchanga mbichi, mahali pa kivuli, kinatosha kulinda chupa inayotumika. Uvira, iliyo chini zaidi kando ya Tanganyika, inahitaji uangalifu mkubwa, na Kindu vilevile. Lakini hakuna sababu tena ya kumnyima mtu chupa kwa sababu tu nyumbani kwake hakuna frigo.

Kinachobaki kigumu ni kuifikisha chupa yenyewe, pamoja na bandeleti za kupimia. Ndege ikikosekana, dawa hupita barabara na mipaka, huku bei ikipanda kila kituo. Bila bandeleti, mgonjwa anakisia. Hesabu yote ya bugali na uniti inakuwa bahati nasibu, na wengi huchagua kubaki na sukari ya juu ili wasianguke njiani. Wanalipa baadaye, kwa macho, figo na miguu.

Kuna pia mabadiliko ya viwanda. Mwaka wa 2024, kampuni ya Novo Nordisk iliacha kupeleka kalamu za insulini ya binadamu nchini Afrika Kusini, na MSF ililalamika hadharani. Kampuni hiyohiyo inapata faida kubwa kutokana na dawa za kisasa za kisukari na unene. Insulini iligunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, na wagunduzi waliuza haki zao kwa chuo kikuu kwa dola moja kila mmoja ili iwafikie wote. Miaka mia moja baadaye, nchi maskini bado zinasubiri nyuma ya foleni.

Sukari inayoletwa na njaa

Mwezi wa Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi kisukari kinachohusiana na utapiamlo, na kukiita aina ya tano. Siyo ugonjwa mpya. Ulielezwa nchini Jamaika mwaka 1955, OMS ikauweka kwenye orodha yake mwaka 1985, kisha ikauondoa mwaka 1999. Huwapata hasa vijana wembamba waliokosa chakula utotoni, na ambao kongosho lao halikukua vizuri.

Mwaka huohuo, utafiti uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba karibu asilimia 65 ya vijana waliodhaniwa kuwa na aina ya kwanza hawakuwa na alama za kinga za mwili zinazoutambulisha ugonjwa huo. Bado wanasayansi wanabishana jinsi ya kuwapanga. Kwa jimbo ambalo watoto wake wamekua ndani ya miaka 30 ya vita na kuhamahama, mjadala huo si wa vitabuni. Mgonjwa mwembamba asiyekula vizuri akipewa dozi kubwa ya insulini anaweza kushuka haraka, na akiambiwa kupunguza chakula kama mtu mnene anaongezewa njaa juu ya njaa.

Hapa pia kuna suala la kutambua ugonjwa mapema. Mtoto anayekonda ghafla, anayekunywa maji mengi na kukojoa usiku kucha, wengi husema ana malaria, utapiamlo, au amepewa karuho. Wakati familia inatafuta dawa ya sumu, asidi inapanda. Tone moja la damu kidoleni lingetosha kuonyesha ukweli.

Kinachowezekana bila pampu

Kati ya pampu na mchanganyiko wa asubuhi na jioni, kuna njia ya katikati: insulini ya muda mrefu isiyo na kilele kikali, mara moja kwa siku, pamoja na ya haraka wakati wa kula tu. Ni kama pampu ya mkono. Siku ya njaa, mgonjwa anabaki na ile ya msingi na kuruka ile ya chakula. OMS iliweka insulini hizo za muda mrefu kwenye orodha ya dawa za lazima mwaka 2021. Kwa watu wanaokula bila ratiba, faida yake si anasa, na wafadhili wanaoleta dawa mashariki mwa Kongo wangepaswa kuanzia na watoto na waliohamishwa.

Hatua ya pili haihitaji teknolojia. Msaada wa chakula unaotolewa na PAM mara nyingi ni unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Ni mgao unaoweza kumfaa mgonjwa wa sukari, mradi ufike kwa wakati. Tatizo ni kwamba anayegawa chakula hajui nani anadungwa insulini, na anayegawa insulini hajui nani hajala. Mwaka wa 2025, fedha za misaada zilipopungua na PAM ikalazimika kupunguza idadi ya watu inaowasaidia, orodha za wagonjwa hao zilipaswa kukutana na orodha za chakula. Kituo cha afya kinaweza kuandika jina la mgonjwa kwa ajili ya mgao kama kinavyofanya kwa mtoto mwenye utapiamlo.

Hatua ya tatu inawahusu wenye madaraka, Kinshasa na wale wanaoshika Goma na Bukavu: kuacha njia ya dawa iwe wazi. Chupa ya insulini haina upande katika vita. Makubaliano ya kupitisha dawa kwenye vizuizi na ziwani hayahitaji kungoja amani kamili.

Duniani kote, watu wazima milioni 589 walikuwa wanaishi na kisukari mwaka wa 2024, na barani Afrika wengi wao hawajui kwamba wanaumwa. Wanaojua, na walio Kivu, wanahitaji mambo machache yanayoeleweka: chupa, bandeleti, maelekezo ya siku ya njaa, na bakuli la mchana. Likikosekana moja kati ya hayo, mengine matatu yanapoteza kazi.